Shangazi, nakimbia London Marathon kwa ajili ya saratani, nyumbani wananiona msaliti

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 36, Mtanzania, niko Leicester huku Uingereza mwaka wa tisa sasa, kazi yangu ni kulea wazee kwenye nyumba ya wazee na shifti zangu nyingi ni za usiku. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza maana humu ndani kuna mahali nimeharibu na nitakitaja mwenyewe.

Mama yangu alifariki 2019 kwa saratani ya shingo ya kizazi. Alizunguka karibu mwaka mzima anapewa dawa za fangasi na kuambiwa ni umri tu, ilipokuja kujulikana ni nini ilikuwa imeshaenda mbali. Mimi makaratasi yangu ya huku yalikuwa hayajakaa sawa, ningetoka nisingerudi, kwa hiyo nilimzika mama kwa simu. Mdogo wangu kainua simu juu ya vichwa vya watu, mtandao unakatakata, nasikia udongo unaanguka halafu picha inaganda, ikirudi watu wameshaanza kuweka maua. Hicho kitu hakijawahi kunitoka.

Sasa mwaka jana mfanyakazi mwenzangu akaniambia habari za London Marathon, kwamba ukiomba kwa kura ya kawaida ni bahati nasibu tu maana wanaoomba ni zaidi ya milioni moja, ila mashirika ya hisani yana nafasi zao, unapewa nafasi na wewe unaahidi kuwachangishia. Nikapata kupitia shirika moja linalofadhili utafiti wa saratani, ahadi yangu ni pauni 2,000. Mbio ni Aprili. Shangazi mimi nilikuwa sikimbii hata daladala ikiniacha, mwezi wa kwanza nilikuwa nakimbia nguzo tatu za taa natembea mbili, lakini saa hizi nimefika maili 16 na kuna siku nikiwa njiani asubuhi ile ya baridi naongea na mama kabisa kwa sauti, watu wananipisha.

Shida ikaanza nilipoweka picha ya mama na linki ya kuchangia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Watu 43, tiki za bluu zote, kimya. Siku ya tatu mjomba akatuma sauti ya dakika nne. Kwa kifupi anasema mama mdogo wangu, mdogo wake marehemu, ana saratani ya titi, katoka Morogoro anakaa kwa watu Mbagala Dar, anasubiri mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, kila siku nauli, kila siku kula yake ni mtihani, halafu mimi niko huku nawakusanyia wazungu zaidi ya milioni sita wafanye utafiti. "Wana njaa gani hao? Dada yangu unamkimbilia baada ya kufa, huyu aliye hai humuoni?" Baada ya hapo ndo watu wakapata mdomo, mmoja akauliza hivi kwani ukikimbia ugonjwa unapona, mwingine akasema labda na mimi nina asilimia yangu.

Sasa hapa ndo nilipoharibu. Watanzania wa huku kwetu walinichangia keshi kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yangu, pauni 640, zikahesabiwa mezani mbele ya watu na dada mmoja akaandika majina yote kwenye daftari. Nilikuwa nimepanga kuziingiza kwenye ukurasa wangu wa michango Jumatatu. Jumapili alfajiri mama mdogo akapiga, analia, kaambiwa kuna vipimo vya kulipia na pale alipofikia ameshaonyeshwa sura. Mfukoni nilikuwa na pauni 22. Nikachukua 300 kwenye ile bahasha nikamtumia. Nikasema mwisho wa mwezi narudisha. Mwisho wa mwezi gari ikaharibika, uliofuata kodi ikapanda, sasa ni mwezi wa tatu na hata zile 340 zilizobaki sijaziingiza kwa sababu nikiingiza 340 watu watauliza nyingine ziko wapi. Ukurasa unasoma 415. Wiki iliyopita yule dada wa daftari akanitumia meseji, "mbona hela yetu haionekani?" nikamjibu shirika linachelewesha. Nimedanganya Shangazi.

Na goti la kulia limeanza kuuma. Sili vizuri, silali vizuri, nimefikia hatua ya kutaka kujitoa kabisa nisingizie goti, kila kitu kiishe. Au nikimbie lakini hela zote nimpe mama mdogo, shirika nitawaambia nimeshindwa kuchangisha? Naomba unishauri kama mwanao.

Mkimbiaji wa Usiku, Leicester

*

Marahaba mwanangu. Pole na mama, na pole na yale mazishi ya kwenye simu, nimekaa na hiyo aya yako muda kabla sijaendelea.

Tuanze na bahasha kwa sababu hata barua yako yenyewe inaizunguka bahasha, goti limekuja mwishoni kama mgeni wa kusingizia. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi tangu enzi za kadi za mchango za kupiga chapa, nakwambia nilichojifunza: mweka hazina hafi kwa wizi, anakufa kwa "nitarudisha mwisho wa mwezi". Mwizi wa kweli hawezi kukosa usingizi kwa ajili ya 300. Wewe unakosa kwa sababu unajua ile hela haikuwa yako hata ilipokuwa kwenye droo yako, ilitolewa kwa jina la shirika, na huko uliko hilo ni jambo la sheria kabisa, mchango uliotolewa kwa ajili ya shirika fulani ni wa shirika hilo, hata ungeutumia kumfufua mtu. Kwa hiyo wazo lako la kumpa mama mdogo zote na kuwaambia umeshindwa kuchangisha, hilo lizike na usiliongelee na mtu.

Fanya hivi. Zile 340 ziingize. Zisisubiri zile nyingine. Halafu mpigie yule dada wa daftari, simu, siyo meseji, umwambie kama ulivyoniambia mimi: mama mdogo alipiga, nilichukua 300, nilikudanganya juu ya shirika, narudisha kwa mafungu haya na tarehe hizi. Utaona aibu dakika tano. Inawezekana atakwambia mbona hukusema tungemchangia mgonjwa, na inawezekana wengine kwenye lile daftari wakataka kumpa mgonjwa chochote, sawa, hiyo watoe upya, kila mmoja kwa hiari yake. Halikuwa lako kuwasemea. Zile 300 unazirudisha zote kwenye ukurasa, hata kwa pauni 40 kila wiki, shifti moja ya ziada inaweza kuondoa kipande kizuri.

Na kitu kingine kidogo maana najua utakuwa na haraka: ukiingiza hela ya keshi ya watu, usiweke tiki kwenye kile kisanduku cha Gift Aid, ile nyongeza ya serikali ya huko kwenye michango, kana kwamba ni yako. Gift Aid inaongeza senti 25 kwa kila pauni lakini ni kwa mtu anayetoa hela yake mwenyewe na analipa kodi huko, na ajaze jina lake na anwani yake. Anayetaka yake iongezeke achangie mwenyewe kwa linki. Usitoke kwenye kosa moja ukaingia la pili.

Sasa tuje kwa mjomba.

Mjomba ana hoja, tusimfanye mjinga. Mgonjwa wa Morogoro kwenda kukaa Dar wiki kwa wiki kwa ajili ya mionzi ni mateso juu ya mateso, na pauni 2,000 zako zikiingia maabara ya London hazitamlipia mama mdogo nauli ya Mbagala hata ya siku moja. Mpe hiyo. Asipoipata hatakusikiliza.

Ila hili la "utafiti wa wazungu" umsimulie kidogo, kwa sauti, maana yeye ni mtu wa sauti za dakika nne. Mwaka 1957 pale hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji mmoja wa jicho moja, Denis Burkitt, aliitwa aangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano kavimba mataya pande zote mbili. Hakuelewa. Muda si mrefu akaona mtoto mwingine Jinja yuko vilevile. Akaanza kuuliza hospitali nyingine, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakachukua gari la Ford kuukuu la pauni 250 wakazunguka kama maili 10,000, Kenya, Tanganyika yetu hii, mpaka kusini kabisa, wanaingia hospitali za misheni wanaonyesha picha wanauliza mmewahi kumuona mtoto wa namna hii? Ndo ikaonekana ule uvimbe, ambao ni saratani ya watoto, unafuata joto na mvua, palepale penye malaria. Mwaka huohuo alikwenda London kutoa mhadhara, na kwenye viti alikaa kijana mmoja wa maabara, Anthony Epstein, akapata wazo kwamba labda kuna kirusi. Unajua nani alimlipia Epstein hatua za mwanzo? British Empire Cancer Campaign, shirika la michango, mmoja wa mababu wa Cancer Research UK ya leo. Senti za watu wa kawaida mwanangu, kama hizo zako.

Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ndege moja ikakuta ukungu London ikageuziwa Manchester, chupa ikafika imechelewa, maji yake yametibuka, mtu mwingine angeitupa akidhani imeoza. Epstein akachungulia, kumbe ni seli za uvimbe zimejitenga zinaelea, zinaishi. Mwaka 1964 wakakiona kirusi kwenye darubini, leo kina jina lake na la mwenzake Barr. Na Burkitt huku Kampala alikuwa anawapa watoto dawa, wapo ambao uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache. Watoto wa nani hao? Mwambie mjomba ajibu yeye.

Kama hiyo ni ya zamani mno kwake, njoo kwenye ugonjwa uliomchukua mama yako. Kwamba saratani ya shingo ya kizazi inaletwa na kirusi kiitwacho HPV tulijua kwa utafiti, Mjerumani Harald zur Hausen alihangaika nacho miaka watu wanamcheka, akaja kupewa Nobel 2008. Kikajulikana, ikatengenezwa chanjo. Tanzania imeanza kuwachanja mabinti nchi nzima mwaka 2018. Mwanzoni ilikuwa dozi mbili, kumfuata binti shuleni mara mbili ni gharama na wengine wanapotea katikati. Sasa pale Mwanza walichukua mabinti 930 wa miaka 9 mpaka 14, wengine wakapewa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, wakafuatiliwa damu zao, ikaonekana moja inajenga kinga vizuri, na majibu ya namna hiyo ndo yameifanya dunia ikubali dozi moja, na sasa Tanzania tunachanja moja. Mabinti wa Mwanza, siyo wa Manchester. Mdogo wako aliyekushikia simu makaburini, ana binti? Amechanjwa? Uliza leo.

Na wewe je? Una miaka 36, huko Uingereza wanaita wanawake kupimwa shingo ya kizazi kuanzia 25, barua ya daktari nina uhakika iko kwenye droo moja na ile bahasha. Nenda. Na dada zako huku waambie wakapime, kipimo cha kupaka siki kinafanyika kliniki nyingi na majibu unatoka nayo hapohapo. Umekimbia maili 16 kwa ajili ya ugonjwa ambao hujajipima, samahani lakini sikuweza kuliacha.

Kuhusu ule ukimya wa watu 43. Usiuchukulie kuwa ni chuki yote. Kwanza linki yenyewe inataka kadi ya benki na pauni, shangazi zako wana M-Pesa. Pili huu utamaduni wa kumlipa mtu kwa sababu anakimbia ni wa Waingereza, kule kazini kwako kila mtu ameshakua nao, mmoja ananyoa kipara, mwingine analala nje usiku, wanachangiwa. Kwetu mtu anachangia harusi, msiba na mgonjwa mwenye jina, anayemjua. Hukukosea kuwaambia, ulikosea kutegemea watoe. Ukoo wape habari na picha ya mama tu. Hela zako ziko Leicester. Una 415 kwenye ukurasa, ukiweka 640 za daftari ni 1,055, umebakiza 945. Hizo ni pilau na sambusa za Jumamosi mbili kanisani au kwenye ukumbi wa jumuiya, ni karatasi ukutani chumba cha chai kazini, ni watoto wa wale wazee unaowageuza usiku wasipate vidonda, hao wakijua yule dada wa shifti ya usiku anakimbia kwa ajili ya mama yake watatoa kuliko unavyodhani. Na ukifika wiki tatu kabla ukaona hutafika 2,000, waandikie shirika mapema uwaeleze. Kila shirika lina masharti yake, soma uliyosaini, lakini watu wa ofisi zile wanapokea barua za hivyo kila mwaka na mara nyingi wanakuongezea muda hata baada ya mbio.

Mama mdogo sasa. Huyu anahitaji mfuko wake, kwa jina lake, usio na uhusiano wowote na marathon. Fungua grupu jipya dogo, na uenyekiti mpe mjomba. Sikutanii. Mtu mwenye uchungu wa dakika nne anafaa kazi. Hazina apewe mtu aliyepo Dar, siyo wewe, wewe umeshanitosha na hazina. Andikeni mahitaji yalivyo, chumba cha karibu na hospitali ili atoke Mbagala, chakula, nauli, vipimo, kila mmoja aseme anabeba nini kwa mwezi, na cha kwako useme mbele yao wote ni kiasi gani na ukome hapo. Kinachokumaliza ni zile simu za alfajiri, ukiwa na kiasi kinachojulikana simu zinapungua. Na mtu amsindikize mama mdogo ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali akaeleze hali yake, wapo kwa ajili hiyo, kuna wagonjwa wanasamehewa au kupunguziwa gharama na wengi hawaji kuuliza kwa kuona haya.

Goti. Najua kuna mtu ameshakutumia ile habari ya John Stephen Akhwari, marathon ya Olimpiki ya Mexico 1968, kaanguka, goti limefungwa bendeji, kamaliza wa mwisho uwanja umeshaanza kuwa mtupu. Tunampenda sana mzee wetu lakini Akhwari alikuwa mwanariadha wa taifa, wewe Jumatatu una wazee wa kuwanyanyua kitandani. Maumivu yanayoisha ukipasha mwili ni jambo moja, yanayokufanya uchechemee ni jambo jingine, hayo unasimama na unamuona fizio, yule mtaalamu wa viungo na misuli. Acha kukimbia masafa marefu ukitoka shifti ya usiku, lala kwanza, hata kama ni kukimbia saa nane mchana watu wakuone. Ile mbio ndefu kuliko zote, ya kama maili 20, iwe wiki tatu hivi kabla, baada ya hapo unapunguza hata kama miguu inakudanganya kuwa ina deni. Na siku yenyewe usianze na spidi ya watu pale Greenwich mnakoanzia, pale Tower Bridge ni karibu maili 12 na nusu na kelele zake zinapandisha kichwa, watu wanapaa darajani halafu wanalia Canary Wharf. Tembea ukitaka. Mwezi wa kwanza ulikuwa unatembea nguzo mbili, hakuna aliyekufukuza.

Kujitoa kwa kusingizia goti hapana. Fizio akisema usikimbie, jitoe kwa goti na useme goti, na uulize shirika kama nafasi inasogezwa mwakani.

Basi. Bahasha ya 340 iingize leo kabla hujapanda kitandani. Ukilala nayo tena usiku mmoja mama mdogo atapiga saa kumi na moja alfajiri, na mimi nimeshakujua.

Shangazi